Vuli imekaribia Nakuru: nani ana jembe, nani ana kamera tu?

Mwanamtaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Lake View. Nimeamua kuanzisha huu uzi mapema kwa sababu mwaka jana nilichelewa, na uzi wenyewe ukaishia kuwa wa kulaumiana.

Kuanzia Septemba hii hadi Jamhuri, mji wetu huwa hautulii. Mbugani kuna mbio za baiskeli, Cycle with the Rhino. Tarehe 20 ni Siku ya Usafi Duniani. Makanisa yana harambee zao. Kisha inakuja 10 Oktoba, ile sikukuu iliyobadilishwa jina mpaka watoto wangu wameshindwa kuifuata: ilikuwa Siku ya Moi, ikawa Huduma, ikawa Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Siku kumi baadaye, Mashujaa. Kila shughuli inatafuta watu wa kujitolea, na kila shughuli ina fulana zake. Mimi nina fulana sita za usafi. Jembe la kikundi chetu ni moja, na mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Sasa kilichonileta. Mji huu uko mteremkoni, kila mtu anajua. Mvua ikipiga mlima Menengai, maji yanashuka Milimani, yanakatiza mjini, yanapita Bondeni na kwetu huku chini mpaka ziwani. Na ziwa lenyewe halina pa kutokea. Njoro inaingia, Makalia inaingia, Nderit inaingia, mitaro yetu inaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji yanapungua kwa kukauka na jua tu. Chupa ya soda haikauki na jua. Ikishafika mle, imefika.

Mwaka jana Siku ya Mazingira tulijaa pale kwenye kidaraja chetu, watu, spika, muziki, wageni wa heshima. Tukazoa mchanga, karatasi, viatu, nguo, kila kitu. Tukarundika kando ya mtaro, ikawa tuta zuri la kupigia picha. Lori tuliloahidiwa halikutokea. Siku ya nne mvua ikanyesha usiku mmoja tu, na asubuhi nilipoenda na gambuti zangu nikakuta tuta lote limerudi ndani. Nilisimama pale nikaitazama kazi yangu ikielea.

Kitu kimoja tu ndicho hakikurudi: godoro. Tulilitoa chini ya kidaraja, la inchi sita, limelowa maji ya miezi. Samahani kwa mfano, lakini godoro lililolowa ni zito kuliko maiti. Watu wanne na kamba, na mmoja wetu aliacha kiatu mle. Jamaa wa mkokoteni akalichukua siku hiyohiyo, sikuuliza analipeleka wapi.

Kwa hivyo mwaka huu naomba tufanye tofauti. Jumamosi tatu kabla mvua haijashika, si sikukuu moja. Na chochote kinachotoka mtaroni kiondoke siku hiyohiyo, hata kama ni karai kumi tu. Nataka watu kumi na tano wa kurudi, si mia moja wa kuja mara moja. Magunia ninayo. Uji na mandazi, mimi na mama watoto. Hakuna posho, hakuna fulana.

Kijana_wa_Stegi

"Hakuna posho." Mkuu, hapo nusu ya watu ushawapoteza, na nusu nyingine wameenda kutafuta fulana.

Mlipa_Kodi_58

Niwe yule mtu mbaya wa uzi. Mitaro ya maji ya mvua na uzoaji wa taka ni kazi ya kaunti. Si maoni yangu, iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, somo. Sisi ni jiji tangu 1 Desemba 2021, hati tulipewa, tukapiga vigelegele, ada zikapanda. Halafu mtu mzima ananiambia nije na jembe Jumamosi kuzibua mtaro ambao nimeulipia?

Kila mnapozibua nyinyi, kuna afisa mahali anaweka tiki kwamba mtaro huo umezibuliwa. Mnawafunika. Mimi kujitolea kwangu ni kwenda vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, ambako huwa tuko watu wachache sana na wazee wawili wamesinzia. Huko ndiko mtaro unazibuliwa kwa kudumu.

Mwanamtaro

58, sikatai hata neno moja. Ila maji hayasomi Katiba. Aprili 2024 kule Mai Mahiu, ndani ya kaunti yetu hii, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu tundu la kuyapitisha lilikuwa limeziba, yakafyatuka usiku watu wamelala. Mimi nalala mita arobaini kutoka kwa hicho kidaraja.

Barua iandike wewe, unajua lugha yao. Niletee nitie sahihi, na nitakutafutia sahihi nyingine sitini huku chini. Lakini Jumamosi nitakuwa mtaroni.

Shosho_wa_Miche

Wanangu, mmesahau miti, na najua wiki ijayo mtaanza kunipigia simu kutaka miche kwa haraka. Ninauza miche karibu na Lanet, kwa hivyo ninachosema kinanipunguzia biashara.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya ghafla ya kupanda miti. Lengo lilikuwa miche milioni 100 siku moja, katika ile safari ya kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mimi nilimaliza kitalu chote nikala nyama. Kikundi kimoja kilichukua miche sitini, kikapanda kando ya ua wa shule fulani. Machi nikapita pale kwa shughuli zangu nikaona nihesabu. Kumi na saba. Na yote kumi na saba ilikuwa upande mmoja, karibu na jikoni, kwa sababu mpishi alikuwa akimwaga hapo maji ya kuoshea sufuria. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa anamwaga tu.

Ile mingine nilichimbua miwili nione ilikufa na nini. Mmoja bado ulikuwa umevaa karatasi yake ya nailoni, kama soksi. Mtu alichimba shimo, akatia mche na karatasi yake, akafukia, akapigwa picha, akaenda zake. Mizizi ilizunguka mle ndani mpaka ikajinyonga.

Vuli yetu huku juu si ya kutegemea kama masika. Ni fupi. Mche wa Novemba una wiki chache tu za kushika kabla jua la Januari halijaja kuuliza hali. Kwa hivyo msingoje sikukuu. Chimbeni mashimo sasa hivi, ardhi ingali kavu, futi mbili kwa mbili, udongo wa juu muuweke upande wake na wa chini upande wake. Mvua ya kwanza ikilowesha vizuri, pandeni kesho yake, iwe sikukuu au Jumanne. Udongo wa juu ndio urudi kwanza, karibu na mizizi. Karatasi itoeni! Kisha mkate majani makavu mfunike udongo kuzunguka shina, msiligusishe.

Na kando ya mtaro au mto msinipandie mkaratusi. Unakua haraka, ndiyo, na unakunywa kama mgeni wa harusi. Pandeni mueri, pandeni mgunga ule wa gome la manjano tunaouona mbugani. Kisha kila mche upewe mwenyewe. Mwenye jina, si "kikundi". Mimi nikiuza kwa shule siku hizi nauliza: nani atamwaga maji Januari? Wakinyamaza, nawapunguzia idadi.

Kijana_wa_Stegi

Shosho, "akapigwa picha akaenda zake" umenisema mimi kabisa. 2023 nilikuwa hapo. Kofia yangu bado ninayo.

Muuguzi_Zamu

Naomba niingilie kwa dakika mbili, niko mapumziko ya zamu.

Mnapopanga kujitolea msimu huu, wekeni na damu. Watu hawajui hili: wanaotoa damu wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari. Tunaenda shuleni, wanajipanga mstari, wanachekana anayeogopa sindano, tunaondoka na mifuko. Sasa shule zikifunga, mstari huo haupo tena. Na ni wakati huohuo barabara zinajaa watu wa kwenda nyumbani Krismasi. Sina haja ya kuwaambia watu wa Nakuru kuhusu ajali za barabarani za Salgaa na Sachangwan. Mnajua.

Damu haiwekwi akiba kama mahindi. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji wiki tano, sita zikizidi, basi. Ya Agosti haimfai mtu wa Desemba. Kwa hivyo fanyeni hesabu hii: mwanamume anaruhusiwa kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mwanamume akitoa wiki hii, mapema Desemba yuko tayari tena, wakati ambao tunahitaji zaidi. Uwe na kilo 50 kwenda juu, usizidi miaka 65, uwe umekula, umelala, huna homa. Utapimwa kwanza kidoleni. Ukikosa kufaa utaambiwa kwa nini, na hiyo nayo ni faida, kuna mzee tulimgundua presha hivyohivyo.

Mfuko ni karibu nusu lita. Chai na biskuti zipo. Fulana hakuna kwetu pia.

Kijana_wa_Stegi

Sindano hapana. Mtaro nitakuja. Nimeamua hapahapa, mnishuhudie.

Jicho_la_Ndege

Nami nitie langu. Wakati huu kule Ulaya majani yanapukutika na baridi inaanza kung'ata, na ndege wao wameshafunga safari kuja kwetu. Mbayuwayu ndio hao wameanza kuonekana wakikaa kwenye nyaya. Watakuwa hapa mpaka Machi. Sisi tunasema vuli kwa ajili ya mvua, wao huko vuli yao ni ya kufukuza wageni.

Januari kuna hesabu ya ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, na watu wa kujitolea huhitajika. Lakini huwezi kuja Januari hujui mwari na korongo. Anza sasa. Nenda mahali penye maji na daftari, Jumapili moja tu, na mtu anayejua.

Watu hunialika nizungumze shuleni, na swali la kwanza daima ni heroe walienda wapi, hao flamingo wetu. Walifuata chakula. Ziwa lilipopanda miaka hii, lango kuu la mbuga likamezwa, chumvi ikapungua makali, na ule mwani wanaoula hustawi kwenye maji makali. Wengi wakahamia Bogoria na kwingine. Hilo jembe haliwezi kulitatua. Ila mwezi wa Mei nilimwona kwarara amejinasa mguu kwenye neti ya vitunguu, ile nyekundu ya sokoni. Alikuwa anatembea nayo. Kila hatua mbili anasimama anaidonoa. Ile neti haikupandwa ziwani, ilitoka kwetu kwa miguu yake.

Mkuu Mwanamtaro, Jumamosi ya kwanza nipo. Nina gambuti.

Mama_wa_Naka

Mimi nauliza kama mama. Watoto mnawaweka wapi? Mwaka jana niliona watoto wa darasa la nne ndani ya mtaro na malapa. Mle kuna vioo, kuna sindano, kuna maji ambayo hata mbwa anayaruka. Mtoto mwenye kidonda asiguse. Glavu si pambo.

Halafu nina donge. Mwaka juzi kuna kikundi, sitakitaja, kilitutoza shilingi 300 kila mzazi kwa fulana na "vyeti vya kujitolea". Fulana zilikuja, zote saizi ya mtu mkubwa. Vyeti hadi leo. Binti yangu alikuwa akiniuliza kila Ijumaa. Kulipa ili ufanye kazi ya bure, hilo nalo ni jipya.

Wenye watoto, mimi Mashujaa nitawapeleka Hyrax Hill, kwa wale wanaopita hapo kila siku kwa tuktuk bila kuingia. Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938. Kwenye mwamba kuna bao limechongwa, vishimo kabisa, watu wa zamani walikaa pale wakicheza na ziwa likiwa mbele yao. Mwanangu alitia mawe akataka kucheza, mlinzi akacheka. Tutabeba mifuko yetu ya taka, turudi nayo.

Mkokoteni_Halisi

Mimi ndiye nilibeba godoro.

Sikujua kuna uzi, kijana wa stegi ndiye amenionyesha. Kwa vile mnauliza: sponji niliikata, nikaikausha wiki mbili juu ya mabati, ikaenda kwa fundi wa viti vya boda. Kwa hivyo wengine wenu mmeshaikalia.

Nataka kusema jambo moja na msikasirike. Nyinyi mnajitolea Jumamosi, sisi tuko kwenye huo mtaro kila siku na hamtusalimii. Mnakuja mnachanganya kila kitu na matope, chupa, chuma, katoni, mnarundika. Chupa safi ina bei kwa kilo. Chupa yenye tope ndani haina mtu. Mkituacha tutangulie asubuhi saa kumi na mbili tuchambue chetu, mtabaki na kazi nusu, na kile tulichochukua hakitarudi mtaroni, kwa sababu ni pesa. Kinachobaki kabisa ndicho cha kupeleka jalalani Gioto.

Na mchanga. Mnatafuta lori la kutupa mchanga? Kuna mzee upande wa Mwariki anajaza ploti yake, kila mvua inageuka bwawa. Anautaka, mradi hauna plastiki. Chekecheni tu. Mimi na mwenzangu tutaubeba, mikokoteni miwili, mtulishe na mtupe mtu wa kusukuma kwenye mlima.

Mwanamtaro

Nimesoma hii mara mbili. Kaka, nakuomba radhi, mwaka jana nilikupita pale sikukuuliza hata jina. Jumamosi saa kumi na mbili ni yenu. Sisi saa moja. Chekecheo nitaazima kwa fundi wangu, ile ya waya ya kuchujia mchanga wa lipu. Watoto wasishuke mtaroni, wakae juu na Mama Naka wakihesabu karai. Kijana wa Stegi, wewe ndiye mtu wa mlima.

Kijana_wa_Stegi

Najuta kuonyesha watu uzi.

Mwanamtaro (baada ya Jumamosi ya kwanza)

Ripoti. Waliosema watakuja ni thelathini na mmoja. Waliokuja ni kumi na moja, pamoja na jamaa wa mikokoteni. Uji ulibaki.

Tulifanya mita sitini hivi, si mtaro wote. Lakini saa nane mchana kando ya mtaro hapakuwa na kitu. Nilipiga picha moja ya hiyo sehemu tupu, nikamtumia mke wangu, akaniuliza nimempigia picha ya nini. Chekecheo ilikatika waya mara moja. Jicho la Ndege alikaa dakika ishirini anatazama ndege mdogo juu ya waya, tukamwacha.

58 alikuja saa tatu na shati lake la ofisini. Akasema amekuja kutafuta sahihi. Akapata sahihi tisa, halafu mtu akampa karai ashike kidogo tu, na sikumwona akiiweka chini.

Mlipa_Kodi_58

Iandikwe kwamba nilishika karai kwa kupinga. Barua imepelekwa na ina muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Nimeambatanisha kipimo cha mtaro na picha za kidaraja. Wakijibu nitaweka hapa. Wasipojibu nitaweka hapa pia.

Muuguzi_Zamu

Wanne kutoka huu uzi wamekuja kutoa damu wiki hii. Mmoja alizimia kidogo, hakuwa amekula. Nilisema mle! Na mmoja alikuja amefunga macho tangu mlangoni. Simtaji, ila anafanya kazi stegi.

Shosho_wa_Miche

Mashimo mangapi yamechimbwa? Mbona kimya upande wangu?

Mama_wa_Naka

Ishirini, shosho. Si sitini. Kila moja lina kijiti chenye jina la mtoto. Tunangoja mvua.

Mwanamtaro (katikati ya Oktoba, saa kumi na moja alfajiri)

Imenyesha tangu saa tano usiku. Sikulala. Nimetoka sasa hivi na tochi mpaka kidarajani. Maji yamejaa robo tatu ya tundu, lakini yanapita, yanavuma kabisa. Ile sehemu ya juu ambayo hatukufika imemwaga barabarani, jirani wawili wanatoa maji sebuleni kwa karai, naenda kuwasaidia.

Na chini ya kidaraja upande wa kushoto kuna godoro. Nimelimulika mara tatu kuhakikisha. Ni jingine, hili lina maua. Mkokoteni Halisi, ukiamka nipigie. Wengine, Jumamosi saa moja, na mtu alete kamba ndefu kuliko ile ya mwaka jana.